Picha za Wacheza Ng'ombe

Juma lililopita muuza vitambaa mmoja wa Kihindi, hapo Chake Chake, alinitolea picha ya zamani iliyojikunja pembeni: mcheza ng'ombe kashika shuka jeupe, pembe za fahali zi karibu na mbavu zake. Nikaichukua. Mimi, mwenzangu, nakusanya picha hizi, na maradhi haya nimeyarithi kwa bibi.

Kwetu ni Wingwi. Mpunga ukishavunwa, watu walingoja mchezo wa ng'ombe: fahali hufungwa kamba ndefu, zumari hulia, kina mama huimba kumchokoza, na mchezaji huingia kumkabili kwa kipande cha nguo tu. Siku hiyo nyumba yetu ilinukia muhogo wa nazi. Bibi alipika, lakini hakula. Kaka yake aliuawa na fahali bila kuacha hata picha moja, na sura yake ilikuwa imeanza kumtoka akilini. Ndiyo maana aliomba picha za mchezo nyumba kwa nyumba. Mchezaji hakumshughulisha. Alitafuta uso wa kaka yake katika umati wa nyuma.

Basi wachezaji wengi wa picha zile walikwisha kufa, na baadhi yao kwa pembe. Majirani wakaanza kunong'ona, "Picha yako ikiingia kwa Bi Mkubwa, tafuta sanda." Sisi watoto tulicheka. Bibi hakucheka, maana naye alianza kuamini. Ikifika Magharibi alizigeuza zote zikatazama ukuta, na mimi nilipita chumbani mle mbio.

Mwaka mmoja mjomba, kitinda mimba wake, akasema anaingia uwanjani. Bibi alimlilia, akamnywesha kombe la aya za Kurani, akamshindwa. Asiyesikia la mkuu, watu walisema. Mpiga picha wa mjini alipotutokea na kamera yake, bibi akasimama mbele ya mwanawe, kanga kaitandaza kwa mikono miwili.

"Yuno mwanangu hapigwi picha. Kampige ng'ombe."

Mjomba akacheka, akanipa kofia yake nimshikie, akaingia. Zumari ikalia, kisha ikanyamaza kabla ya wakati wake. Tulimzika siku ile ile. Baadaye mpiga picha alituletea picha ya siku ile. Alikuwamo fahali peke yake.

Bibi hakuacha kukusanya. Ila sasa alitafuta nyuso mbili. Amekufa hajaona hata mmoja.

Siku hizi mchezo umekuwa haba, na zumari naisikia kwa nadra. Nimebaki na picha. Nazileta dirishani, naupitia umati mtu mmoja mmoja, naogopa. Naogopa kwa sababu hata mjomba akiwamo, sidhani kama nitamjua.