Kitufe cha Roseline

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mwalimu Dishon hutoka nje na kuketi ndani ya gari lililoegeshwa upande wa kushoto wa nyumba, karibu na kaburi la mkewe. Huwasha injini, husubiri mshale wa joto upande hadi katikati, kisha hubonyeza kitufe namba mbili kando ya kiti. Kiti husogea mbele taratibu hadi magoti yake yaguse usukani. Hukaa hivyo kidogo, amebanwa. Halafu hubonyeza namba moja, kiti kikamrudisha nyuma, akazima gari na kuingia ndani.

Namba moja ni yake. Namba mbili ilikuwa ya mkewe Roseline, aliyekuwa mfupi; kila kitufe hukumbuka mkao wa mtu wake. Hata gari lilikuwa la Roseline: sedani ya kifahari ya Kijerumani, silinda nane, gia za mkono, kuukuu tayari siku alipoinunua kwa faida ya kuuza omena, dagaa wa ziwani. Aliiendesha kutoka Homa Bay hadi kwao Muhuru Bay kama mtu anayefukuzwa. Wachuuzi wenzake ufuoni walimcheka binti huyo wa Muhuru: "Nyar Muhuru, gari ya waziri unabebea samaki?"

"Kwani waziri hali samaki?" aliwajibu.

Na Dishon alipoketi kungoja injini ipate joto, Roseline hakuacha kumtania. "Mwalimu, unaiombea?"

Harufu ya omena haijatoka kwenye buti mpaka leo.

Mwezi uliopita, kwenye mlima karibu na Rongo, goti la kushoto la Dishon lilikataa kukanyaga klachi. Injini ikazimika, gari likarudi nyuma, na breki ikashika shubiri moja tu kutoka kwa mama aliyekuwa akiuza miwa. Yule mama hakupiga kelele. Alimtazama tu. Tangu siku hiyo Dishon hajaendesha. Huwasha tu, maana anahofia betri ikifa kiti kitasahau.

Binti yake Valary, msichana asiye na maneno mengi, alimtafutia gari jipya zaidi la aina ileile. Lilikuwa Migori kwa muuzaji aitwaye Japheth, aliyekubali kulichukua la zamani kama sehemu ya malipo. Siku ya kwenda, Valary ndiye aliyeshika usukani. Alipokuwa akipapasa ili kusogeza kiti, Dishon, bado amesimama mlangoni, aliinama akabonyeza namba mbili. Kiti kikasogea, kikasimama. Miguu ya Valary ikafika sawasawa. Wakashika njia ya Migori.

"Mwalimu, hii haina klachi," Japheth alisema. "Ukiigusa inaondoka kama imetukanwa. Wacha goti lipumzike."

Dishon aliliendesha hilo jipya kuelekea Isebania, Valary kando yake. Ilikuwa kweli. Lilikuwa na nguvu kuliko lile, tena kwa utulivu, kama halijui linapanda. Goti halikuuma. Alitafuta kasoro akaikosa, na kuikosa kukamhuzunisha. La zamani lilikunywa petroli, na vipuri vyake viliagizwa mbali. Lakini injini yake ilisikika ikifanya kazi, na mkono ulijua gia kabla ya kichwa. Hata hivyo, alijua si gia zilizomzuia kuliacha.

Waliporudi, walimkuta Japheth ndani ya la zamani, vidole vyake juu ya vitufe vya kiti.

"Usiguse hapo." Ilikuwa sauti ya Dishon ya darasani.

Japheth aliondoa mkono, akatoka polepole. "Pole, Mwalimu. Lakini nikiiuza, mwenye kununua atakaa vile anataka."

Hilo pia lilikuwa kweli. Dishon aliegemea mlango, mkono mmoja juu ya paa lililopauka. Valary alikuja akasimama kando yake.

"Baba," alisema, "Mama angechagua lipi?"

Dishon alilitazama hili, akalitazama lile.

"Jipya," alijibu. "Hakupenda kungoja injini ipate joto."