Kilichobaki Kwenye Kanda ya Mama
Mume wangu, fundi saa mstaafu, siku hizi anahamishia kaseti zetu kwenye kompyuta, pale pale juu ya meza ya chakula. Kanda moja sikutaka hata kuiona. Miaka ishirini iliyopita alirekodi mpira wa redioni juu ya sauti ya marehemu mama yangu, nami nikaliweka moyoni. Jana, mkaidi yule akaiweka. Kanda haiharakishwi, kuihamisha ni kuisikiliza yote. Mpira ukaisha, kanda bado inazunguka. Mara mama akasema, "Mwanangu, mwambie mumeo asiguse redio yangu."

Mzee akanitazama kama mtoto aliyevunja sahani. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

"Rudisha nyuma," nikamwambia. "Na safari hii msikilize."