Kilo Saba za Loretta

Muuguzi aliyetupima uzito kila Jumanne kwenye kliniki yetu ya Toledo alisugua viganja vipate joto kabla ya kutugusa, na hakuwahi kumsifu mtu. Tulikuwa kwenye utafiti wa kupunguza uzito: kundi letu lilikula kila kitu kwa kipimo. Kundi la akina Loretta liliacha mkate, viazi na sukari, likala nyama na mayai, ili watafiti wajue nani atapungua zaidi. Jumanne moja Loretta alikutwa amepungua kilo saba kwa majuma matatu. Tukampigia makofi.

“Hao wametuweza,” nikasema.

Muuguzi hakuandika uzito huo. Alimshika Loretta mkono, akauliza taratibu, “Unakula, mama?”

“Si mlisema nyama na mayai?”

“Sikuulizi tulisema nini.”

Loretta aliinamisha kichwa. “Tangu tumzike mume wangu Walter sijawasha jiko.”

Muuguzi akalikata jina lake kwenye orodha ya utafiti. Kisha akatoa mkobani mkate wake wa mchana, akaumega, wakaketi pamoja. Loretta alitafuna polepole sana. Sisi tulisimama foleni, viatu mikononi, na hakuna aliyeulizia zamu yake.