Zamu ya Mama katika Upatu

Wanawake wa mtaa wetu, karibu na Msimbazi, walicheza upatu. Kila Ijumaa kila mmoja alimpa mchango wake kijumbe, yaani bibi mwenye nyumba tuliyopanga, naye akamkabidhi fungu zima yule ambaye zamu yake imefika. Anayepokea mapema, kwa hakika, amekopa; anayepokea mwisho ameweka akiba.

Zamu ya Mama ilikuwa ya pili. Kesho yake Baba, aliyekuwa kibarua bandarini, aliangukiwa na robota la katani, mguu ukavunjika. Kibarua halipwi siku asiyofanya kazi. Alipouliza hospitali atapona lini, aliambiwa asubiri.

Fedha ilikuwa bado imefungwa katika pindo la kanga. Baba alitaka inunuliwe gunia la mchele, Mama apike vitumbua auze sokoni Kariakoo.

"Na Ijumaa nitatoa nini?" Mama aliuliza.

"Utatoa faida."

"Faida gani, bwana? Mchele bado uko dukani kwa Mhindi, mafuta yako huko huko, wewe umeshaila faida."

Aliyepokea kisha akashindwa kuchangia aliitwa mla upatu, na jina hilo lilimfuata hata alipohama mtaa. Isitoshe, waliokuwa hawajapokea nao walikuwa na shida zao. Mama alikaa na fungu lile siku kadhaa bila kuligusa, huku tukila uji mtupu. Kisha akalirudisha.

"Shoga," kijumbe alisema, "fedha ya mchezo haina miguu ya kurudi nyuma."

"Na mume wangu hana mguu wa kwenda mbele. Nipe nilichotoa mimi, zamu mpe mwingine."

Kijumbe alicheka, akamrudishia michango yake miwili.

Baba alipoona kiasi kilichobaki, aligeukia ukuta. "Umewalisha wenzio," alisema.

Kwa kiasi kile Mama alinunua mchele kibaba kwa kibaba, akapika vitumbua. Masika yakaingia, wanunuzi wakapungua, na visivyouzwa ndivyo tulivyokula. Mguu uliunga vibaya, na bandarini Baba hakuchukuliwa tena. Nimeirudia hesabu ile mara nyingi. Gunia zima lingeweza kutuvusha; lingeweza pia kuota ukungu chumbani, nasi tukadaiwa na mtaa mzima.

Kodi ilipotushinda, kijumbe mwenyewe alituomba tumwachie chumba chake, kwa upole, maana naye alidaiwa kodi ya kiwanja. Tukahamia Ilala, barazani kwa jamaa wa Baba. Wanawake wa upatu walikuja kutubebea vyombo, wala hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akitudai. Baba alifuata nyuma kwa mkongojo. Mama alitangulia, sufuria kichwani, akilia mbele ya watu wote bila kujifunika uso.