Safari ya Kumpigia Kaka Simu

Nilikwenda Dar es Salaam kwa sababu baba alitaka kumwona kaka Salehe kabla hajafa. Alisema hivyo mwenyewe, miguu imevimba, pumzi inampaa. Kaka alikuwa mtunza stoo Tanga. Mama alikataa katakata nisipeleke telegramu. Kijijini kwetu telegramu ilimaanisha maiti. Watu walianza kulia kabla ya kuifungua. "Ongea naye kwa mdomo," akaniambia, "asije akaanguka huko ugenini."

Kilichoniudhi ni kwamba nyaya za simu zilipita juu ya mihogo yetu, sambamba na reli. Utotoni tulikuwa tukibandika sikio kwenye nguzo tuzisikie zikivuma. Hata stesheni ilikuwa na simu, ila ya kazi za reli, si yetu sisi. Ilinibidi nipande treni niufuate mjini waya uliopita nyumbani.

Mchana nilishuka, nikakatiza Mnazi Mmoja kwa miguu, jua la utosini, hadi Kariakoo kwa shangazi Zena, aliyekuwa akikaanga samaki karibu na soko. Sijamaliza maji aliyonipa, keshajitanda khanga.

"Twende kwa Kanji," akasema. "Simu anayo dukani, na mpwa wake ndiye tajiri aliyemwajiri kaka yako huko Tanga."

Bwana Kanji aliuza khanga. Mtaa mzima haukuwa na simu nyingine, kwa hiyo kila mwenye shida aliishia kwake. Akawaomba watu wa mitambo ya simu wamtafutie Tanga, akatukaribisha benchi. Tulikaa mpaka nikaanza kukariri mapambo ya khanga ukutani.

Alasiri simu ikalia. Kaka alikuwa ameshaitwa kutoka stoo.

"Weka mdomo karibu," Kanji akanishikisha mkono wa simu. "Na usichelewe, hii ya Tanga inakatika."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba! Ni wewe? Habari za nyumbani?"

Swali hilo kwetu lina jibu moja. Hata nyumba ikiwa inaungua, mtu hutanguliza njema, ndipo aeleze moto. "Njema," nikasema, "ila baba anaumwa sana, kaka. Anakuita. Njoo upesi."

Nikaeleza yote: miguu, pumzi, anavyouliza kila treni ikipiga honi. Nilipaza sauti mpaka wateja wakaacha khanga. "Pole, mwanangu," mama mmoja akasema, na duka zima likanipa pole. Kaka tu ndiye hakusema kitu. Nikatega sikio, nikasikia mvumo uleule wa nguzo ya kwetu.

Kanji akajaribu tena. Mitambo ikajibu kuwa Tanga haipatikani mpaka kesho. "Lakini amesikia," akanituliza. "Umesema vizuri, hata mimi nimesikia." Shangazi akataka twende tukapeleke telegramu. Nikakumbuka maneno ya mama, nikakataa. Laiti ningemsikiliza shangazi!

Asubuhi nikapanda treni ya kurudi.

"Umempata?" baba akauliza.

"Nimempata."

"Anakuja?"

"Anakuja, baba."

Akaomba kitanda kigeuzwe atazame upande wa stesheni. Wiki haikuisha, akafa akiwa ametazama huko.

Siku hizi nikishika simu natoa neno kwanza, salamu baadaye. Wapo wanaoniona sina adabu, nami siwalaumu. Ndivyo safari ile ilivyonifunza, na nilichelewa kujifunza.

Barua ya msiba ilipishana na kaka njiani. Alipata likizo yake, akashuka stesheni na blanketi jipya la baba begani. Tukakutana pale kwenye mihogo, chini ya nyaya, akanikumbatia akicheka.

"Ile simu yenu ilikatika mapema, lakini uliponiambia njema roho yangu ikatulia," akasema. "Haya, habari za hapa?"

"Njema, kaka," nikajibu. Safari hii hapakuwa na waya wa kukatika, na ilinibidi niendelee.