Nilivyolifunika boksi la WiFi kwa pamba ya shambani lisipigwe baridi

Mwangaluka wakuu.

Shule niliishia darasa la nne na naandika kwa kidole kimoja, mnisome taratibu. Ni kweli tupu. Niko Bariadi mjini na Mama Kabula, simu ni yake na anaingoja.

Nianzie mbali kidogo.

Nikiwa mdogo tulikuwa tunachunga upande wa Kimali. Mwezi wa saba, asubuhi ya baridi, ng'ombe wa baba akazalia mbugani. Ndama anatetemeka, hasimami. Baba akamlaza kwenye pamba ya shambani, akamfunika na nyingine, ikabaki pua tu.

Siku ya tatu akasimama. Akakua, akazaa, na uzao wake ndio uliokwenda mahari kwa wakwe zangu kumtoa Mama Kabula.

Kwa hiyo kwa habari ya pamba huniambii kitu.

Sasa Kabula. Ni binti yetu wa mwisho, ameolewa Ulaya, huko kwenye theluji. Mwaka huu akapata mimba ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza binti anarudi kujifungulia kwa mama yake. Huyu hakuweza. Wakakubaliana mama atamwona mtoto siku ileile kwa video call, na yeye ndiye atampa jina.

Kijijini kwetu simu ya kuongea inashika, intaneti haishiki. Lakini nyumba yangu iko juu ya mwamba. Fundi mmoja wa mjini, nimwite Maduhu, akasimika mlingoti pale, antena juu, na boksi lenye betri ya solar na vidude vya taa. Anarushia watu WiFi, mimi napata bure.

Mwezi wa sita ikawa kila alfajiri mtandao unakata mpaka jua lipande. Nikampigia.

"Ni baridi hiyo mzee wangu. Vifaa vinapigwa. Vifunike."

"Kwa kitu gani?"

"Chochote mzee. Wewe si mkulima?"

Nikamkumbuka ndama.

Pamba tulikuwa tumevuna, imejaa mpaka chumba cha wageni. Nikaishindilia kwenye boksi, na mbegu zake humohumo. Matundu ya pembeni nikayaziba kwa mavi ya ng'ombe kama tunavyoziba ghala.

Mama Kabula akaja kutazama.

"Baba Kabula, hicho kitu kinapumulia wapi?"

Nikamwambia ndama alipumulia pua.

"Na hicho pua yake ni ipi?"

Nikaziba tundu la mwisho. Alfajiri mtandao ukakata kama kawaida. Nikaongeza pamba.

Ijumaa moja jioni mkwe, mume wa Kabula, akatuma ujumbe kwamba Kabula ameshikwa na uchungu, kesho asubuhi tukae tayari. Mama Kabula akavaa kitenge kipya, akakaa kwenye kigoda, simu kaiegemeza kwenye sufuria.

Jua likapanda. Mtandao hakuna. Saa tatu hakuna. Saa nne hakuna. Afadhali Mama Kabula angenisema.

Nikampigia Maduhu, akaja na bisibisi yake, akafungua boksi.

Pamba ilikuwa ya moto kama uji. Betri imevimba. Mbegu zimetafunwa, nyaya zimetafunwa, na katikati kalala panya jike na vitoto sita vyekundu.

"Mzee, nani kaweka hivi?"

"Wewe."

"Mimi nilisema vifunike."

"Vimefunikwa."

Mama Kabula akachungulia. Akasema, "Haya. Angalau huyu amejifungulia nyumbani."

Saa sita Kabula akapiga simu ya kawaida. Mtoto wa kike, wazima wote. Wakwe zake walikuwa pale wodini, tayari wameshampa jina. Jina zuri tu. Mama Kabula akalirudia mara mbili kimyakimya, halafu akanipa simu, akaingia ndani kuvua kitenge.

Nikamsimulia mkwe habari ya boksi, akanieleza, na Maduhu anasikia. Kwao antena zinaganda barafu nje miezi mitatu na zinafanya kazi. Ile yetu ilikuwa betri imechoka, chaji haifiki asubuhi. Dawa ni betri mpya, na boksi lipate hewa.

Funzo nalisema sasa hivi, maana mwisho wenyewe ni mfupi. Kifaa si ndama. Na mkeo akikuuliza kinapumulia wapi, mjibu kwanza ndipo uzibe.

Mjukuu tulimwona Jumatatu kwa video, hapahapa mjini kwenye mtandao, na tangu hapo kila siku ya mnada tunapanda gari kuja kumtazama. Wenye uzoefu, mnafunika vifaa vya nje kwa kitu gani, na betri gani inafaa? Nitasoma siku ya mnada.

Maduhu siku ile alisema, "Mzee wangu, nafuata betri mjini, nakuja sasa hivi." Akashuka mwambani taratibu, boksi kaliacha wazi, bisibisi juu ya jiwe.

Panya walihama wenyewe. Bisibisi bado ipo.