Mpokea Mitumbwi wa Kagunga

Yule mpokea mitumbwi wa Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, huogopa uzito kuliko kasi. Mtumbwi mtupu ukija mbio, huuzuia kwa mguu mmoja huku anacheka. Ukija umejaa wakimbizi kutoka Burundi, hata kama ni polepole, huingia majini hadi kiunoni, huushika kwa mikono miwili na kurudi nao nyuma hatua kwa hatua, mpaka usimame bila mtoto kuamka.

"Mbona unarudi nyuma, baba?" mama mmoja alimuuliza.

"Nikisimama kama ukuta, Mama, mtaanguka nyie."

Jana asubuhi, tukiwa naye ufukweni, mawimbi yalituletea mtumbwi usio na mtu, ndani kitenge kimoja kimelowa.

"Ni mtupu huo!" tulimwambia.

Hakucheka. Aliupokea kwa mikono miwili, akarudi nao nyuma, hatua kwa hatua.